Nani Kasema Sawa

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimesifiwa mbele ya mgeni. Naandika haraka kabla utamu haujaisha, maana sifa za Mzee Tarsis zinakuja na kukatika kama umeme.

Mgeni ni mwenye duka kutoka Moshi. Mzee kamshika mkono mpaka kwenye kompyuta ya kaunta. "Huyu anaitwa Tarishi," akasema, utadhani anamtambulisha mwanawe wa kumzaa. "Kamtengeneza binti huyu hapa, wa kwetu Kibosho. Siku hizi sipigi simu stoo, napumzisha koo." Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: madaftari makubwa, katoni tano, yaje hapa dukani Narung'ombe. Akabonyeza. Ikatokea Sawa, ya kijani. Mgeni anamalizia soda ya pili, mkokoteni huo mlangoni na mzigo kutoka stoo ya Jangwani. Akapiga makofi! Mimi nikatazama chini kwa adabu. Moyoni nilikuwa nimevimba.

Kazi yenyewe wala si kubwa. Ujumbe unatoka kaunta, unapanda kwenye seva iliyoko ofisini ghorofani, seva inausukuma mpaka kwenye kishikwambi cha Mzee Bakili, msimamizi wa stoo. Basi. Kinachowapendeza watu ni ile Sawa. Mwanzoni programu ilikuwa inatoa maneno mekundu ya Kiingereza kila mtandao ukiyumba. Rachel wa kaunta akawa ananipigia simu: "Shosti, mashine yako inanitukana huku." Mzee naye akasema hataki aibu ya namna hiyo mbele ya wateja. Nikayafunika yale mekundu yote. Ukibonyeza tuma — Sawa. Hakuna aliyenipigia tena.

Kuna kaugonjwa kamoja tu kamebaki. Umeme ukikatika, seva ikazima na kuwaka upya, inabidi nipite kwenye kila mashine: zima, washa. Nisipopita, zinabaki kama mtu aliyeshika simu sikioni wakati mwenzake alishakata zamani. Betri ya akiba ya seva nayo imekufa tangu Februari, ya kaunta ndiyo bado nzima. Nitatibu vyote viwili nikipata nafasi. Zima-washa inatosha kwa sasa.

Jumamosi, 5 Aprili

Kichwa kinauma, nywele zimebana. Tangu asubuhi nilikuwa saluni, mtaa wa nyuma ya duka, kusukwa kwa ajili ya send-off ya rafiki yangu Joyceline.

Mchana umeme ulikatika, ukarudi. Nilijua! Taa ya saluni ilizima mbele ya macho yangu. Nikawaza: seva imezima, nikapige zima-washa. Lakini nusu ya kichwa ilikuwa bado, na mvua ya asubuhi ilikuwa imejaza barabara. Nikajiambia Jumamosi, matope haya, nani anaagiza mzigo. Nikamwambia msusi aendelee.

Jioni Rachel kapiga. Maji yameingia stoo. Mto umefurika kutoka huko juu, umekuja ghafla, na madaftari yote ya chini yamelowa. Mzee anafoka hasemesheki. Anasema alimwandikia Bakili mapema apandishe mzigo roshani, Bakili akajibu sawa, halafu akakaa tu.

Akajibu sawa.

Nikamuuliza Rachel kama Mzee alipiga na simu. Akasema apige ya nini, wakati ameshajibiwa?

Send-off nimeenda. Nilicheza pia.

Jumapili, 6 Aprili

Misa nimekosa. Mzee alituita wote Jangwani.

Maji yameshashuka. Yameacha tope jeusi na mstari ukutani usawa wa kiuno changu. Madaftari yamevimba, katoni zimepasuka. Ukiokota daftari linabaki uji mkononi. Shule zinafungua baada ya Pasaka, huu ndio ulikuwa mzigo wa msimu. Mzee Bakili alikuwa amekunja suruali, anatoa tope kwa koleo peke yake. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, hujambo?" Vizuri kabisa, kama siku zote.

Mzee Tarsis akamwita katikati. Akatoa simu, ameipiga picha skrini ya kaunta. Soma. Mzee Bakili akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama mtoto wa shule: Bakili mto umejaa huko Kigogo, pandisha mzigo wote juu sasa hivi. Na chini yake: Sawa.

"Hii mimi sikuletewa, Mzee."

"Na hii Sawa kasema nani?"

"Sijui. Mimi sijasema."

Wakakifungua kishikwambi chake. Ujumbe haumo. Mzee akacheka kile kicheko chake kibaya. "Umeufuta! Umesema sawa, ukaenda zako msikitini, uliporudi ukakuta maji, ukaufuta."

Mzee Bakili akasema hata kufuta hajui. Akasema alikwenda kuswali alasiri kama kila siku, mvua ilikuwa imekata, jua limetoka, na oda hakuna tangu mchana. Oda hakuna tangu mchana! Watu walipita juu ya maneno hayo, mimi yaliniingia. Rachel alikuwa ametuma oda mchana ule, zaidi ya moja. Zote ziliandikiwa Sawa. Mzigo haukuja, wakasema ni mvua.

Kisha Mzee akanigeukia. "Severa. Wewe ndiye mtaalamu. Mashine inaweza kusema uongo?"

Wote wakanitazama. Mzee Bakili naye alinitazama, na uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyeona daktari ameingia.

"Mashine haisemi uongo, Mzee."

Ndivyo nilivyosema. Na ni kweli, mashine inasema kile nilichoifundisha. Lakini nilijua wataelewaje. Niliyachagua maneno hayo kwa sababu nilijua wataelewaje.

Mzee Tarsis akadai funguo za stoo. Mzee Bakili alizitoa mfukoni. Zilikuwa na tope. Alizifuta kwanza kwa shati lake ndipo akazikabidhi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimejaribu, ili angalau nisiendelee kudhani.

Nikakileta kishikwambi cha stoo ofisini. Nikazima seva, nikaiwasha, sikugusa kingine chochote. Nikashuka kaunta, nikaandika: jaribio. Sawa! Nikapanda. Kishikwambi kimya. Nimekikodolea macho mpaka chai ikapoa. Kimya.

Sasa naelewa kila kitu, na heri nisingeelewa. Seva ikifa ikafufuka haimkumbuki mtu. Kishikwambi hakijui kama mwenzake alikufa. Hakiulizi, kimetega sikio kwenye laini ya zamani, kinadhani kimya ni amani. Na kompyuta ya kaunta nayo inasukuma ujumbe kwenye laini ile ile mfu. Haingoji jibu la mtu. Kosa linarudi baadaye, jekundu, linapiga kelele — na mimi ndiye niliyelifunika, ili Rachel asinisumbue.

Kwa hiyo ile Sawa haikutoka stoo. Haikutoka hata kwenye seva. Ni mimi niliyesema sawa kwa mdomo wa Mzee Bakili. Na bila Sawa hiyo Mzee angepiga simu. Simu moja tu!

Nilitaka kushuka niseme. Mzee alikuwa na watu. Kisha watu wakaondoka, na mimi nikawa na kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerekebisha. Siku mbili sijala vizuri lakini nimerekebisha.

Dawa nimeipata kwa mama, bila yeye kujua. Nyumbani ukiitwa unaitika kwanza. Mtoto wa kike abee, wa kiume naam. Mama hasemi anachotaka mpaka asikie umeitika. Akikuita ukanyamaza, anaacha kila kitu anakuja kukutafuta. Mimi nilikuwa na ujanja wangu wa kuitika abee nikiwa ndani ya blanketi na kuendelea kulala. Hapo ndipo fimbo ilipokuwa inatoka. "Kuitika kisha ukabaki umelala," alikuwa anasema, "bora ungenyamaza, ningejua hupo!"

Basi sasa Tarishi anaita kwanza. Kabla hajatuma chochote anaita, stoo! Kishikwambi lazima kijibu, naam. Kisipojibu, anaitupa laini ile, anafungua mpya, anaita tena. Kikiwa kimya bado, skrini ya kaunta inaandika kwa Kiswahili cha wazi: Stoo haiitiki, piga simu. Kishikwambi nacho kinaita seva kila baada ya muda kidogo, ili kisikae kinasubiri maiti. Na Sawa nimeifuta. Ujumbe ukishafika kweli na mtu akaufungua, ndipo inatokea: Stoo, naam.

Nimezima seva, nimewasha, nimezima tena. Laini zinakatika, zinaungwa zenyewe. Safi. Inatia uchungu jinsi ilivyokuwa rahisi.

Rachel kaona. "Siku hizi inaitika kama mtoto aliyelelewa!" Kamwita Mzee aje aone. Mzee kafurahi, kanipiga bega. Anasema ndio maana ananipenda, mtu anaharibu, mimi natengeneza. Anasema sasa hakuna mvivu atakayejificha tena.

Nikasema ahsante Mzee.

Na sasa hivi ndio nimegundua nilichofanya. Nimefuta Sawa kwenye kila mashine. Nimesafisha mahali pa tukio! Hata nikisema kesho, nitawaonyesha nini? Tarishi sasa ana adabu kuliko mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwona mama Moza, mke wa Mzee Bakili, mtaa wa Mchikichi. Nikaingia duka la vitambaa kama nataka kununua. Ameniona. "Severa! We Severa!"

Nilikuwa na spika za masikioni. Hazikuwa na muziki. Nikajifanya sijasikia, nikapapasa satini ambayo siitaki. Ameita tena, kisha akaacha.

Sikuitika. Mtu mzima ananiita kwa jina, sikuitika!

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nimekwenda, nimesimama, nimeimba, tawi mkononi. Mzee Tarsis na mama Evarista, mkewe, walikuwa viti vya mbele. Baada ya misa Mzee kaniita pembeni. Anasema moyo unamsumbua kuhusu Bakili. Miaka yote ile! Kila masika yeye ndiye alikuwa anapiga simu kwanza, Mzee, maji. Sasa Pasaka inakuja, na Mkristo lazima asamehe. Atamrudisha. Ila lazima Bakili akiri kwanza mbele ya watu wote wa duka kwamba aliuona ujumbe na akaufuta. Mzee hawezi kufanya kazi na mwongo, lakini mkosefu aliyekiri, huyo anaweza.

Nikasema ni wazo zuri. Mungu wangu.

Kwa saa nzima hivi nilikuwa na furaha kabisa. Niliona njia. Mzee Bakili anarudi kazini, funguo zinarudi, mimi sisemi kitu, mwaka unapita. Nilinunua hadi ndizi nikaimba jikoni. Kisha nikakumbuka kitu: hajauona huo ujumbe. Atakiri nini?

Jumanne, 15 Aprili

Amekuja kwangu. Mzee Bakili! Mpaka huku Magomeni ninakopanga, ameuliza njia mpaka akafika. Alipiga hodi kibarazani, sauti ile ile. Nilikaa kimya. Akapiga ya pili. Mama mwenye nyumba akapaza sauti kwamba nipo ndani, ameniona naingia. Nikafungua.

Shikamoo. Marahaba mwanangu. Alikuwa na fulana aliyoipiga pasi na kimfuko cha korosho, za kwao Newala, anasema kaletewa, asingekuja mikono mitupu. Sikujua nizishike vipi zile korosho.

Akaniambia Mzee amemtumia ujumbe kupitia Rachel. Jumamosi aje akiri, yaishe. Mama Moza hataki, anasema mtu hakiri asichofanya. "Lakini mwanangu mimi nimefikiri sana. Labda niliuona."

Nikamwambia, Mzee Bakili, kama hukuona, hukuona.

"Hapana, sikiliza. Nazeeka. Juzi nimeweka miwani juu ya friji nikaitafuta mpaka jioni. Na vidole vyangu hivi —" akanionyesha, vigumu, kucha moja imepasuka kwa katoni za miaka — "vinagusa mahali visipotaka. Labda uliingia nikausoma, nikagusa sawa, nikagusa kufuta, nikasahau. Mashine haisemi uongo, si wewe ndiye ulisema? Mimi najua huwezi kunisingizia, wewe ni mtoto wangu. Kwa hiyo ni mimi."

Kwa hiyo ni mimi! Kwa upole kabisa. Ametumia neno langu kujihukumu mwenyewe.

Halafu akaleta shida yake hasa. Anataka nimfundishe. Anaogopa Mzee atamwambia onyesha ulipobonyeza, na yeye hatajua, ataonekana anadanganya hata kwenye kukiri. Akanipa simu yake niitumie kama mfano. "Nionyeshe tu, mwanangu. Sawa iko upande gani? Niliigusa wapi?"

Kishikwambi cha stoo hakijawahi kuwa na kitufe cha Sawa. Sikukiweka. Hakukuwa na haja, Sawa ilikuwa inasemwa huku kaunta. Kitu anachojaribu kukikumbuka hakijawahi kuwepo duniani.

Na mimi nikanyoosha kidole. Nikagusa kona ya chini ya kioo, kulia. Nikasema hapa.

"Hapa," akarudia. Akagusa na yeye. "Hapa chini kulia. Haya. Mungu akubariki."

Naandika tu. Korosho ziko mezani.

Jumatano, 16 Aprili

Sijaenda kazini. Nimesema tumbo.

Chini kulia!

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nilipanda ofisini kwa Mzee na maneno kamili. Niliyafanyia mazoezi njiani mpaka muuza miwani pale Msimbazi akaniuliza dada naongea na nani. Mzee, ile Sawa ni kosa langu. Hayo tu. Hata mtoto wa chekechea angeyasema.

Niliingia. Mzee akainua kichwa. "Eee, binti yangu, sema."

Nikasema betri ya akiba ya seva imekufa, tununue nyingine.

Akasema sawa. Akaandika pembeni, akaendelea na mambo yake. Nikasimama pale. Akaniuliza kuna lingine? Nikasema hapana. Nikiteremka ngazi nilimsikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba mimi ndiye nimebaki mwaminifu dukani kwake.

Naogopa nini hasa? Nimejiuliza jioni hii, nijibu kwa kweli angalau humu. Kufukuzwa? Kazi nitapata. Mzee atafoka, nitalia, basi. Naogopa Kibosho. Mama anapotembea sokoni anaitwa mama Severa wa kompyuta. Naogopa siku atakapoitwa hivyo tena na mtu akacheka. Naogopa kitu kidogo namna hiyo! Na kwa ajili ya hicho mzee wa watu anakariri kona ya kioo.

Mama kapiga simu. "Severa." Abee mama. Kaniuliza mbona sauti yangu iko mbali. Nikasema mtandao.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Duka limefungwa. Nimekwenda na ufunguo wangu, mchana, nikakaa na seva.

Nimefanya kitu ambacho mtu wa kazi yangu hafanyi. Nimeirudisha Tarishi ya zamani kwenye laptop yangu kutoka nakala niliyoihifadhi, ile mbaya, na Sawa yake. Kishikwambi cha stoo nimekizima kabisa, nimekitia kwenye begi. Kisha nikazima seva, nikaiwasha. Nikaandika: Mzee Bakili, upo?

Sawa.

Kishikwambi kimezimwa, kiko ndani ya begi, chini ya mtandio wangu! Mzee Bakili yuko kwake, hajui hili wala lile. Na skrini inasema sawa, ya kijani, bila haya yoyote.

Nimeijaribu mara kadhaa. Kila mara inadanganya vizuri. Sasa nina cha kuwaonyesha. Sina tena kisingizio kwamba hawatanielewa. Hata mama Evarista, asiyejua kuwasha redio, ataelewa hii.

Nimeshinda nikiitazama. Ni programu yangu ya kwanza ambayo watu walinisifia.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika ofisini kwa Mzee, kwenye kichumba cha seva, nimekaa juu ya kreti la soda. Laptop iko magotini, shajara juu yake. Kati yangu na wao ni ubao mwembamba tu. Nasikia kila kitu.

Nimewahi asubuhi ili nimwambie Mzee kabla wengine hawajafika. Mzee alikuwa ameshafika. Na mama Evarista, na chupa ya chai, na vitumbua kwenye sinia. Wameandaa kama ni sherehe! Mzee kavaa shati jeupe. Nikamwambia Mzee, nina neno. Akasema subiri binti yangu, tumalize kwanza hili la Bakili, leo ni siku ya kusameheana. Nikasema lenyewe ni hilo hilo. Hakusikia, mama Evarista alikuwa anamuuliza habari za sukari ya chai. Ningeweza kurudia. Sikurudia. Nikaingia humu kutayarisha mashine, nikajifungia.

Nimezima seva, nimewasha. Kishikwambi kiko kwenye begi. Skrini inasema Sawa. Tayari.

Mzee Bakili amefika. Nasikia hodi yake. Kaja na mama Moza. Nimesikia sauti yake, fupi, salamu tu. Rachel kawavutia viti. Mzee Tarsis anasema maneno mazuri, nakiri, maneno ya mtu mwema. Anasema yeye na Bakili wamekula chumvi pamoja mafuriko mangapi. Anasema hana kinyongo, anataka ukweli tu, maana ukweli ndio msingi.

Sasa Mzee Bakili anasema. Sauti yake ni ya chini, lazima niweke sikio kwenye ubao. "Ni kweli Mzee. Niliuona."

Mama Moza kasema kitu, kama ah! Au kiti ndicho kimelia.

"Niliuona, nikagusa sawa. Hapa chini. Kulia." Kisha anasema atakuwa alifuta kwa bahati mbaya, anaomba radhi, na uzee nao. Anasema Severa shahidi, Severa alimwelekeza vizuri.

Alimwelekeza vizuri.

Mzee anasema Mungu ni mkubwa. Mama Evarista anamimina chai, nasikia vikombe. Mama Moza anasema yeye hanywi. Sasa Mzee anasema, Severa yuko wapi? Aje na yeye, aje athibitishe, yaishe, tunywe chai.

"Severa!"

Laptop iko wazi. Ujumbe wangu wa jana bado uko juu. Mzee Bakili, upo? Sawa. Nikiinuka sasa hivi, hatua chache, naiweka mezani kati ya vikombe. Neno lenyewe nimeshalishika.

"Severa! We binti!"

"Abee!"

Nimeitika. Kwa sauti, wote wamesikia. Vikombe vimetulia, wananisubiri.

Bado nimekaa.